Kutoka Dar hadi gizani: namna ya kutembelea mapango ya mawe ya chokaa bila kuyaumiza

Katika mapango ya Amboni, Tanga, hatua chache baada ya kuacha mwanga wa mlangoni, kuna ukuta ambao huwa nasimama kila ninapopita. Watu wameandika majina yao. Mengine ni ya mkaa, mengine yamekwaruzwa kwa ncha ya kisu, na yaliyoandikwa zamani yanasomeka vizuri sawa na ya juzi. Jina la mkaa kwenye ukuta wa nje halivuki masika mawili: mvua italipiga, jua litalichoma, ukungu utamalizia. Ndani ya pango hakuna wa kufuta. Alama ya kiatu kwenye tope laini, ganda la pipi, moshi wa mwenge, jasho la kiganja, vyote hubaki pale ulipoviacha. Mwongozo huu wote nimeuandika nikiwa na ukuta ule kichwani. Ni kwa ajili ya mtu anayeishi Dar es Salaam, hajawahi kuingia pango kubwa, na anataka aende, arudi salama, na pango nalo libaki salama.

Hatua ya 1: Lijue jiwe lenyewe

Sisi wa Dar jiwe la chokaa tunalijua kuliko tunavyodhani. Saruji ya Wazo Hill hutengenezwa kwa jiwe hilo linalochimbwa palepale kilimani, na magofu ya Kunduchi yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa pia. Jiwe hili ni gumu kwa nyundo lakini ni dhaifu kwa maji ya mvua. Mvua inapopita angani na kuzama udongoni hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi, ikawa asidi hafifu sana, hafifu kiasi kwamba ukiinywa huisikii. Asidi hiyo hupenya kwenye nyufa na kulila jiwe kidogo kidogo. Baada ya maelfu ya miaka ufa unakuwa ujia, na ujia unakuwa ukumbi. Mwamba wa Amboni wenyewe uliwekwa chini ya bahari katika zama za Jurasiki, miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Kisha maji yaleyale hugeuka fundi. Tone linapoteremka kutoka darini hupoteza ile hewa na kuacha punje ndogo mno ya chokaa. Punje juu ya punje, inatokea stalaktiti inayoning'inia juu na stalagmiti inayoinuka chini yake. Kwa wastani hukua kama sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Piga hesabu: kipande cha sentimita 10, urefu wa kiganja, kimechukua miaka 1,000 hivi. Kinakaribia umri wa sehemu kongwe ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Na mtu anaweza kukivunja kwa kugeuka vibaya na begi mgongoni.

Hatua ya 2: Chagua pango linalolingana na uzoefu wako

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, nenda Amboni. Mapango hayo yapo kilomita 8 hivi kutoka Tanga mjini, kwenye barabara ya kwenda Horohoro na Mombasa, na yapo chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mapango ni kumi, lakini wageni huingizwa kwenye moja tu. Utasimuliwa kwamba ujia fulani unatokea Mombasa na mwingine Kilimanjaro. Msikilize msimulizi, hadithi zile ni mali ya pale. Ila ujue kwamba wataalamu waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Na kwangu mimi mita 900 za giza si haba.

Anayependa kuvuka maji aende Unguja. Mangapwani, kaskazini ya Mji Mkongwe, kuna sehemu mbili ambazo watu huzichanganya: chumba cha watumwa, ambacho kilichongwa na binadamu ili kuwaficha watu waliouzwa kwa magendo baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873, na pango la asili la matumbawe lenye maji baridi chini yake. Hilo la kwanza ni mahali pa huzuni. Usipige picha za kuchekacheka mle. Kule Jambiani kuna pango la Kuumbi, ambamo wanaakiolojia wamechimba na kukuta mabaki ya watu na wanyama wa kale.

Milima ya Matumbi, Kilwa, ina mapango makubwa ambayo wenyeji walijificha wakati wa Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Nayapenda kuliko yote, lakini simpeleki mgeni huko. Ukifika mara tatu nne kwenye mapango yenye njia, ukapata mwenyeji wa Kipatimu anayeyajua, hapo tuzungumze.

Hatua ya 3: Panga safari kwa kuangalia mvua

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, na Januari na Februari ukibahatika kupata ukavu. Masika na vuli kaa nyumbani. Sababu si utelezi tu. Maji ya mvua iliyonyesha mbali, ambayo wewe hukuiona, yanaweza kukufikia chini ya ardhi. Tarehe 23 Juni 2018 watoto 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia pango la Tham Luang, Thailand, baada ya mazoezi. Mvua ikafunga njia nyuma yao. Iliwachukua waokoaji hadi tarehe 10 Julai kuwatoa wote, na mzamiaji mmoja alipoteza maisha akiwa kwenye kazi ya kupeleka mitungi ya hewa. Tham Luang lilikuwa pango linalojulikana, lenye kibao mlangoni.

Kutoka Dar, usijaribu kwenda Amboni na kurudi siku hiyohiyo. Dar hadi Tanga ni kilomita 350 hivi. Hata ukipanda basi la alfajiri pale stendi ya Magufuli, Mbezi, unafika umechoka na kichwa kizito, na mtu aliyechoka ndiye anayejigonga darini na kuteleza kwenye ngazi. Lala Tanga. Asubuhi kunywa chai, panda daladala au bodaboda, ingia pangoni ukiwa mzima.

Idadi nayo ni sehemu ya mpango. Wasipungue watatu: mmoja akiumia, mmoja abaki naye, mmoja atoke kuita msaada. Wasizidi wanane. Nimewahi kuongozana na kundi la watu zaidi ya arobaini, safari ya ofisi fulani, na mle ndani hewa ilichemka kwa pumzi zetu mpaka kuta zikatoka jasho. Tulidhani ni ajabu ya pango, kumbe ni sisi. Ufaransa walifikishwa mbali zaidi na jambo hilohilo: pango la Lascaux, lenye michoro ya kale, lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, na kufikia mwaka 1963 likafungwa, kwa sababu pumzi na joto la wageni vilikuwa vinaiharibu michoro iliyodumu maelfu ya miaka.

Hatua ya 4: Vifaa, na hasa taa

Umeme ukikatika Dar, baada ya dakika chache macho yanazoea: kuna nyota, kuna jenereta la jirani, kuna simu ya mpita njia. Pangoni macho hayazoei hata ukikaa mwezi, maana hakuna mwanga wowote wa kuzoea. Ndiyo maana kila mtu, na mtoto pia, abebe taa tatu. Ya kwanza ni taa ya kichwa, inayoacha mikono huru. Ya pili ni nyingine kama hiyo au tochi ya mkononi. Ya tatu iwe ndogo, ikae mfukoni isiguswe. Simu usiihesabu, chaji yake ni ya kupiga ukishatoka nje.

Taa za kichwa zipo Kariakoo za kila bei. Ukinunua, fanya jaribio hili: weka betri mpya, iwashe saa mbili usiku, kisha iangalie kila baada ya saa moja mpaka ulale, na ukiamka alfajiri iangalie tena. Nyingi za bei ya chini huanza na mwanga mkali na kufifia kabla ya saa sita usiku. Taa yako ikidumu saa nne, wewe panga kukaa pangoni saa mbili.

Vingine ni vya kawaida. Kofia ngumu ya mafundi ujenzi inafaa kabisa, ilimradi iwe na mkanda wa kidevuni. Vaa suruali ndefu, shati la mikono mirefu na viatu vya kufunga vyenye soli ya kung'ata. Si ndala, si makubadhi. Anayevaa gauni au kanga avae suruali ndani, maana kuna mahali utainama na mahali utatambaa. Glavu zina faida mbili: zinalinda ngozi yako na zinalinda mwamba dhidi ya ngozi yako. Beba barakoa ya N95, maji ya kunywa, kitambaa cha kufungia jeraha, na mfuko mtupu wa kurudishia taka. Chakula kibaki nje. Punje za andazi zinawaita panya na mende mahali ambapo hawakuwa na shughuli.

Usibebe mshumaa wala mwenge, na usivute sigara. Masizi yanaganda darini, kisha chokaa mpya inajijenga juu yake na kuyafungia humo.

Hatua ya 5: Ruhusa, kiongozi, na wenye mahali

Kabla hujapanda basi, mwachie mtu wa Dar maandishi: mnaingia pango gani, na nani, na saa ngapi mtampigia mkishatoka. Mpe na saa ya mwisho, ambayo ikipita bila simu yenu aanze kupiga kwa walinzi wa pango na polisi. Pangoni hakuna mtandao, kwa hiyo maandishi haya ndiyo simu yenu.

Mlangoni onyesha kitambulisho, lipia kwa utaratibu rasmi, andika jina kwenye kitabu cha wageni, chukua mwongozaji. Tafadhali usimkwepe mwongozaji ili kuokoa fedha. Yule kaka anajua jiwe lipi linacheza na ujia upi haurudi.

Tena anajua mambo ambayo hayaonekani kwa tochi. Amboni ni pango na ni mzimu pia, na watu huja kutambika. Kuna sehemu utakuta chupa za marashi, vitambaa, sarafu, ubani uliokwisha kuungua. Mara ya kwanza nilipofika pale nilinyoosha mkono nisogeze kitambaa kimoja ili picha itoke vizuri. Mzee aliyetuongoza hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, kuna mama amekuja na hilo ombi kutoka mbali." Nikarudisha mkono, na simu nikaitia mfukoni. Uwe Mwislamu, Mkristo au usiwe na imani, pale umo nyumbani kwa watu: usiguse, usichukue sarafu, usicheke, na ukikuta mtu anaomba, subiri amalize au pitia pengine. Vijijini kusiko na geti, kama Matumbi, anza kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha wazee. Wakisema leo haifai, basi leo haifai.

Hatua ya 6: Kutembea ndani

Mkishapita mlangoni simameni dakika tano. Macho yazoee mwanga wa taa, pumzi zitulie, kila mmoja awashe taa zake zote moja moja akihakikisha. Halafu mwendo uwe wa kinyonga: jaribu mguu kwanza, ndipo uhamishe uzito. Mahali pa kushika ni ukuta mkavu, wenye kukwaruza, usiong'aa. Unaong'aa kwa unyevu uache. Uko hai.

Nikueleze kwa nini. Elekeza taa kwenye ncha ya stalaktiti inayotona. Utaona tone limening'inia, duara, ndani yake taa yako imegeuka kichwa chini. Linatetemeka. Halianguki. Ukivumilia dakika mbili tatu utaliona linajaa, linarefuka, linakatika, na chini gizani utasikia mlio mmoja mwembamba. Kazi ya miaka yote ile ni hiyo unayoiona. Ukishika ile ncha kwa kidole kitupu unaiachia mafuta ya ngozi, maji yanashindwa kushikana na jiwe, chokaa haikai tena, na baada ya mikono mingi inakuwa nyeusi, kavu, mfu. Tofauti ya iliyoguswa na isiyoguswa utaiona mwenyewe Amboni: za usawa wa bega zina rangi ya chungu cha zamani, za juu bado ni nyeupe.

Fuata njia iliyokanyagwa hata kama ina tope. Ukikwepa tope unafungua njia ya pili, na atakayekuja nyuma yako atafungua ya tatu. Sakafu ya pango ina thamani kuliko tunavyofikiri. Katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, watafiti walitangaza mwaka 2021 kwamba wamepata kaburi la mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu, amekunjwa, kichwa chake kikiwa kama kilichoegeshwa kwenye mto. Wakampa jina Mtoto, kwa Kiswahili chetu. Mifupa yake ilikuwa laini kiasi cha kugeuka unga ikiguswa. Ilibidi kaburi zima lifunikwe kwa plasta na kubebwa. Sasa fikiria angetangulia kupita pale mtu anayechimbua sakafu kutafuta hazina ya Mjerumani. Ukiona kigae, mfupa au kitu chochote cha kale, kiache kilivyo, piga picha, mwambie mwongozaji. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda.

Mkifika ukumbini, ombeni mzime taa zote kwa dakika moja. Kaeni chini kwanza. Usiseme kitu. Watoto wengi huogopa sekunde kumi za mwanzo, kisha wanaomba irudiwe.

Haja ndogo na kubwa zimalizwe nje. Maji yanayopita kwenye mawe ya chokaa hayachujwi kama yanavyochujwa na mchanga. Kinachoingia juu kinaweza kutokea kwenye kisima cha mtu.

Hatua ya 7: Popo

Popo hawanyonyi damu yako wala hawakai kwenye nywele. Wapo wanaokula wadudu kwa wingi kila usiku, na wapo wa matunda, ambao husambaza mbegu na kuchavusha maua ya mbuyu. Kwao pango ni chumba cha kulala na cha kulelea. Wakishtuliwa kwa kelele au mwanga mkali, mama huruka na mtoto anaweza kudondoka. Kwa hiyo popo wakianza kuchangamka juu yako, shusha taa, nyamaza, rudi nyuma. Usiwapige picha kwa mwanga wa kumulika.

Lakini heshima hiyo iende na tahadhari, na hapa sipunguzi neno. Kwenye mavi makavu ya popo kunaweza kuwa na kuvu inayosababisha histoplasmosisi, ugonjwa wa mapafu unaoingia kwa kuvuta vumbi. Vaa barakoa, usiburuze miguu. Wenye pumu, wajawazito, na walio na kinga dhaifu wamwone daktari kabla ya safari, au wabakie mlangoni. Kubwa zaidi ni virusi vya Marburg, ambavyo hubebwa na popo wa matunda wa Misri, wanaopenda kukaa mapangoni. Mwaka 1980 na mwaka 1987 watu wawili waliougua Marburg na kufariki walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, Kenya. Mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango la Python nchini Uganda. Sisi wenyewe tumepata milipuko Kagera mwaka 2023 na mwaka 2025. Sisemi usiende. Nasema kwamba ukikuta ukumbi uliojaa popo wa matunda, usiingie, hata mwongozaji akisema ni kawaida. Usiguse popo aliye hai wala mfu. Akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Popo nao wanaweza kukibeba.

Hatua ya 8: Mambo yakienda kombo

Taa moja ikizimika, safari imekwisha, geuzeni. Msisubiri ya pili. Mkipotezana, aliyepotea akae pale alipo na aite mara moja moja. Kichwa kikianza kuuma, au ukajikuta unahema bila kupanda popote, hewa ni mbaya: tokeni wote bila mjadala. Mwenye hofu ya mahali pembamba asivutwe wala asichekwe. Atangulizwe kutoka akiwa na mtu anayemwamini.

Hatua ya 9: Ukirudi Dar

Mpigie yule uliyemwachia maandishi. Osha viatu kwa sabuni, soli yote, na uvianike juani mpaka vikauke kabisa kabla ya kuingia pango jingine, kwa sababu udongo wa pango moja usipelekwe kwenye pango la pili. Kule Marekani ya Kaskazini, ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa mwaka 2006 umeua mamilioni ya popo, na mojawapo ya njia zinazohofiwa kuusafirisha ni nguo na viatu vya watu. Ukituma picha mtandaoni, za Amboni taja mahali. Za pango lisilo na mlinzi zima alama ya eneo kwenye simu na usiandike jina la kijiji.

Mwisho, weka tarehe ya safari kwenye kalenda na uhesabu siku 21, maana dalili za Marburg zinaweza kuchelewa kujitokeza mpaka siku hizo zitimie. Ndani ya siku hizo ukipata homa, kikohozi kikavu, kutapika au mwili kuuma, usinunue dawa ya malaria dukani ukalala. Nenda hospitali, na ukikaa mbele ya daktari sema kwanza, kabla hajakuuliza lolote, kwamba uliingia pangoni na pangoni mlikuwa na popo.